Filipo na Barua ya Rufaa: Wauguzi Wanaomwongoza Mgonjwa wa Saratani, Nachingwea na Ruangwa

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 yumo msafiri ambaye sisi wa kusini tungepaswa kumfahamu vizuri. Ni Mwethiopia, mtu mzima mwenye cheo, anajua kusoma, ana chuo cha nabii Isaya mkononi na ana usafiri wake mwenyewe. Hata hivyo Filipo alipomuuliza kama anaelewa anachokisoma, alikiri kwamba hawezi kuelewa asipopata mtu wa kumwongoza. Wahubiri tunapenda kukimbilia mwisho wa habari ile, penye maji na ubatizo. Tunaomba tukae kidogo pale katikati, kwenye ile barabara ya jangwani iteremkayo Gaza. Filipo hakusimama kando ya njia akatoa maelekezo kwa kidole. Alipanda garini, akaketi na yule mtu, wakaenda pamoja.

Tukumbuke pia Filipo huyu alikuwa nani. Ni mmoja wa wale saba waliochaguliwa katika sura ya 6, wakati wajane walipokuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhakikisha mtu asiye na sauti hapitwi na kile ambacho tayari kipo. Chakula kilikuwepo Yerusalemu, lakini hakikuwafikia wajane wale.

Insha hii inahusu wauguzi wanaofanya kazi ya Filipo kwa wagonjwa wa saratani. Wamarekani wamewapa jina la kibaharia, jina la mtu anayesoma nyota na kushika mwelekeo wa chombo. Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno la namna hiyo zamani, kabla hatujalipeleka kwenye ndege. Rubani alikuwa mtu aijuaye miamba ya bandari, aliyepanda kwenye chombo cha mgeni na kukiingiza salama. Kwa kuwa leo ukisema rubani kila mtu hutazama juu, sisi tutasema muuguzi mwongoza njia. Ni yule anayemshika mkono mgonjwa tangu siku uvimbe unapotiliwa shaka, akampitisha kwenye vipimo, barua, tarehe, nauli na hofu za nyumbani, mpaka matibabu yaishe, au mpaka mgonjwa afe akiwa na watu wake na bila maumivu makali. Hilo la mwisho nalo ni sehemu ya kazi, na tutalirudia.

Kwa wasiotujua, Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili za ndani katika Mkoa wa Lindi, nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, nchi ya Wamwera pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Walutheri hapa ni wachache. Tunaishi katikati ya ndugu zetu Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana, na si ajabu nyumba moja kuwa na Asha na Maria waliozaliwa tumbo moja. Mgonjwa anapoanza safari ya saratani huanzia zahanati ya kijiji, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Sokoine mjini Lindi, au Ndanda, au hospitali mpya ya kanda kule Mtwara, na wengi mwisho wao ni Dar es Salaam. Kila kituo hutoa karatasi ya kwenda kituo kinachofuata. Wagonjwa wetu wengi hupotelea kati ya karatasi moja na nyingine.

Historia ya kazi hii ina mizizi ndani ya kanisa letu, ingawa mara nyingi tunaisimulia kana kwamba ni ya wizara peke yake. Mwaka 1836 huko Kaiserswerth, Ujerumani, mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wa kike. Walichukua jina la zamani la ushemasi, lile la Filipo na wenzake, wakalivika aproni ya uuguzi. Wasichana wa vijijini walifundishwa kuuguza, na mafunzo yao hayakuishia kwenye dawa na bandeji, kwani walitakiwa pia kuwafuata wagonjwa majumbani. Florence Nightingale alikaa kwao kwa miezi kadhaa mwaka 1851 kabla ya kupata jina duniani. Kwa hiyo uuguzi wa kisasa ulipita mlango wa parokia ya kiinjili kabla ya kufika kwenye vyuo vya serikali.

Walutheri wa kwanza walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakitumwa na chama cha misheni cha Berlin, na uuguzi ulikuwa miongoni mwa kazi zao za mwanzo. Lakini tusijipake mafuta. Hospitali kubwa iliyojengwa na Wajerumani kando ya bahari na kukamilika mwaka 1897, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alipelekwa Hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara Mhindi aliyetoa fedha zake. Yaani jengo ambalo leo mama wa Ruangwa anatumwa kwenda kutibiwa, bibi yake asingeruhusiwa kulala humo. Mwaka 1980 jengo hilo lilianza kuwa mahali pa tiba ya saratani chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 likawa taasisi inayojitegemea. Milango imefunguka. Kilichobaki ni njia ya kuifikia.

Na njia ya kusini ina kisa chake.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza ule mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliangusha misitu, nyumba na barabara zikajengwa, reli ikavutwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Karanga hazikukubali, na mwaka 1951 mradi ukafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wazee wetu bado huonyesha tuta lake porini. Tunaitaja reli hiyo kwa sababu imetufundisha jambo moja kuhusu mipango mikubwa. Wakubwa wakiondoka na mashine zao, mwananchi hubaki na miguu yake na mtu anayeijua njia.

Wakati mradi wa karanga ukielekea kufa, mwaka 1949, daktari Mwingereza aitwaye Leader Stirling alihamia Mnero, katika misheni ya Wabenediktini huku Nachingwea. Alikuwa amefika Tanganyika mwaka 1935 kufanya kazi na misheni ya Kianglikana kule Lulindi, upande wa Masasi, akiwa na hospitali ya majani na miti. Baadaye akawa Mkatoliki, ndipo akaja Mnero na kukaa kwa miaka mingi. (Mlutheri anayeandika historia ya tiba ya kusini hana budi kuwashukuru Waanglikana na Wakatoliki karibu kila ukurasa, nasi tunafanya hivyo bila kinyongo.) Tangu Lulindi alifundisha vijana na wasichana wa huku kuwa wauguzi. Alijua kwamba daktari mmoja hawezi kuwa kila kijiji, lakini muuguzi aliyezaliwa kijijini anajua nyumba ipi ina mgonjwa aliyefichwa, na anajua amwambie nani ili mgonjwa huyo aruhusiwe kutoka. Stirling aliingia katika siasa akiwa upande wa TANU, na kati ya mwaka 1975 na 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mtu aliyekuwa na hospitali yake Mnero ndiye aliyeongoza wizara katika miaka ambayo nchi ilitapanya zahanati vijijini. Watu wa Nachingwea wana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Hata hivyo zahanati haitibu saratani. Saratani inataka kipimo cha kinyama, inataka upasuaji, dawa za dripu na mionzi, na kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Dar es Salaam tu. Kabla ya mwaka 2003, mgonjwa wa kwetu alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikikasirika alikaa ng'ambo akisubiri maji yapungue. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka huo. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kutesa mabasi kwa zaidi ya miaka kumi mpaka lami ikakamilika. Leo mtu anatoka Nachingwea alfajiri na jioni yuko Mbagala. Ni neema kubwa, lakini mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hiyo maeneo ya Somanga na safari zikasimama. Kwa mfanyabiashara ile ilikuwa hasara ya mzigo. Kwa mgonjwa wa mionzi, ambaye dozi zake zimepangwa siku tano kwa wiki kwa wiki tano au sita mfululizo, kukosa siku ni jambo la uhai.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu jina na utaratibu wa kazi hii vilianzia mahali ambapo hatukutarajia. Harlem ni mtaa wa Waamerika Weusi mjini New York. Daktari mpasuaji Harold Freeman alianza kazi katika hospitali ya mtaa huo mwaka 1967. Aliona wanawake wenye saratani ya titi wakija wakiwa wamechelewa, vidonda vimefunguka, ilhali hospitali kubwa zenye kila kitu zilikuwa umbali wa kupanda basi tu. Mwaka 1989, akiwa kiongozi katika Chama cha Saratani cha Marekani, aliongoza vikao vya kuwasikiliza maskini wenye saratani wakieleza wenyewe. Walisema mambo ambayo mtu wa Ruangwa angeyatambua mara moja. Hawana fedha. Karatasi hazieleweki. Wanazungushwa ofisi hadi ofisi, na wengine wameshakata tamaa wakiamini saratani ni kifo tu. Mwaka 1990 Freeman alianzisha Harlem mpango wa waongoza njia, watu wa mtaa uleule, kazi yao ikiwa ni kuhakikisha kila mwanamke aliyeonekana na dalili anafika kwenye jibu na kwenye tiba.

Matokeo yake yameandikwa. Katika kundi la wagonjwa wa saratani ya titi waliotibiwa hapo kati ya mwaka 1964 na 1986, karibu nusu, asilimia 49, walikuja ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 39. Katika kundi la mwaka 1995 hadi 2000, waliochelewa walishuka hadi asilimia 21, na waliokuwa hai baada ya miaka mitano walipanda hadi asilimia 70. Kwa haki tuseme kwamba uchunguzi wa matiti kwa wasio na uwezo nao uliongezwa, kwa hiyo sifa si ya waongoza njia peke yao. Lakini hospitali ilikuwa ileile na mtaa uleule. Mwaka 2005 Marekani ikatunga sheria ya kugharamia kazi hiyo, na polepole wauguzi waliosomea saratani wakachukua sehemu kubwa ya kazi iliyoanzishwa na majirani.

Hapa Tanzania wazo hilo lilitua vijijini. Profesa Twalib Ngoma, aliyewahi kuongoza Ocean Road, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2015 taarifa ya kazi waliyoifanya na waongoza njia wa kijiji, watu waliofundishwa kutambua dalili za saratani na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Walichokiona ni kwamba watu walianza kufika mapema zaidi, ugonjwa ukiwa bado mdogo. Jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Watanzania zaidi ya 40,000 walipata saratani mwaka huo na karibu 27,000 walikufa kwayo. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000. Ni ugonjwa ambao ukikutwa mapema, kwa kipimo cha siki kinachofanywa na muuguzi katika chumba cha kawaida, hutibiwa kabla haujawa saratani.

Kanisa letu nalo lina sura yake nzuri katika habari hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hospitali ya Selian ya KKKT kule Arusha ilianza huduma ya kuwafuata nyumbani wagonjwa wasioweza kupona, na huduma hiyo baadaye ikaenea katika hospitali nyingine za kanisa. Wauguzi walitoka na dawa ya maumivu, wakifuatana na watu wa kujitolea kutoka sharikani. Nchini Uganda Dkt. Anne Merriman alikuwa ameanza kazi kama hiyo mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini wenyewe, maana kumsubiri daktari kulikuwa ni kumwacha mtu alie usiku kucha. Kwetu huduma hii inaitwa tiba shufaa. Aliyelichagua neno hilo tunampa heko. Shufaa ni kumsimamia mwingine na kumwombea mbele ya mwenye uwezo. Waislamu wanalijua vyema neno hilo, na sisi tunaomkiri Kristo kuwa mwombezi wetu tungelipenda vilevile.

Lakini iko pia sura isiyopendeza, na kitabu cha imani kikiificha hakitakuwa cha imani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Waliambiwa kinaponya magonjwa sugu, saratani ikiwemo. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na watu wengine walitoka kwenye vitanda vya hospitali kwenda kule. Hatuandiki haya kumhukumu mzee ambaye amekwisha kufa. Tunaandika kwa sababu foleni ile ilikuwa na ujumbe. Watu walisafiri siku nyingi, kwa gharama kubwa, kwenda mahali pagumu kufika. Basi si kweli kwamba maskini hawako tayari kusafiri kwa ajili ya uhai wao. Walikwenda kwa sababu walielezwa kwa lugha nyepesi waende wapi, bei gani, watafanya nini wakifika, na kwa sababu walikwenda na jirani zao. Hospitali zetu zilikuwa na dawa za kweli, ila hazikuwa na maelezo hayo. Na leo wapo wahubiri wanaouza maji na mafuta, hata huku kwetu, wakimwambia mwenye uvimbe kwamba kumwona daktari ni kupungukiwa imani. Tunasema wazi kwamba hilo ni fundisho baya. Luka alikuwa tabibu na hakuna aliyemtenga na Injili.

Tutoe mfano mmoja wa karibu. Mama mmoja wa upande wa Ruangwa, mkulima wa ufuta, alitokwa na damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Nyumbani waliita mchango, akanywa mizizi. Alipokwenda kutibiwa alipewa vidonge vya yutiai mara tatu, mahali ambapo hatutapataja. Mara ya nne akaangaliwa vizuri, akapewa barua, akaambiwa aende rufaa. Barua ile tuliikuta baadaye katikati ya kitabu chake cha nyimbo, imefungwa kwa nailoni isilowane. Ilikuwa na miezi saba. Wanawe walipomuuliza kwa nini hakwenda, alisema alidhani karatasi ile ndiyo majibu yenyewe, na hakujua kama rufaa ni mji, ni ofisi au ni dawa. Alikuwa anajua kusoma. Alikuwa na fedha za ufuta mwezi Juni. Alikosa mtu wa kupanda garini naye. Tulimzika mwezi Februari, mvua ikinyesha, na aliyelia kuliko wote pale kaburini alikuwa binti yake anayeishi Temeke, dakika chache kwa daladala kutoka hospitali ambayo mama yake hakuwahi kufika.

Ukitaka kuona tofauti, keti nusu siku katika kliniki ambako yuko nesi aliyejitwika kazi hii. Cheo chenyewe watu wetu hawajakizoea, wao humwita sista tu. Tumemwona mmoja akiwa na kauntabuku kubwa iliyochanika jalada. Kila mgonjwa ana ukurasa wake: jina, kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, namba yake ya simu, namba ya jirani mwenye chaji, namba ya mtoto aliye Dar. Pembeni ameandika tarehe ya kinyama, tarehe ya majibu, na alama nyekundu kwa yule ambaye hakutokea. Wenye alama nyekundu huwapigia mwenyewe, kwa vocha yake.

Mazungumzo yake ni mafupi. Bibi mmoja alimshika mkono akasema, "Sasa mwanangu, huko Lindi nikamwulize nani?"

"Bibi, hutauliza mtu. Nimeshaongea na sista wa pale, anaitwa nani nimekuandikia hapa. Ukishuka stendi mpigie, atakuja getini. Hii karatasi mpe yeye, usiifiche."

"Na wakinikata?"

"Watachukua kinyama kidogo kama punje ya mchele. Majibu hayatoki siku hiyo. Yakitoka nitakuita mimi, si mtu mwingine."

Hayo ndiyo maarifa ya rubani. Anajua pia kalenda ya fedha, jambo ambalo aliye Dar akipanga tarehe hawezi kulijua. Mgonjwa akiambiwa arudi Machi, Machi huku ni njaa, ghala tupu, na nauli haipo. Akiambiwa Novemba, korosho zimeuzwa mnadani, lakini malipo ya chama cha ushirika bado hayajaingia. Nesi yule huomba tarehe zisogezwe pale panapowezekana, na pasipowezekana huwatafuta wana wa mgonjwa mapema. Anajua kwamba mwanamume wa nyumba asipoelezwa, mkewe hatoki. Anajua kwamba mambo ya mlango wa kizazi hayazungumzwi hadharani, hivyo alianza na makungwi, wale bibi wanaofunda wasichana unyago, akawaonyesha kipimo cha siki wao kwanza. Chanjo ya kuzuia ugonjwa huo ilipoanza nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, uvumi ulienea kwamba inafunga uzazi, na makungwi hao ndio waliosikilizwa na mama zao kuliko bango lolote. Anajua mlango wa ofisi ya ustawi wa jamii, ambako asiye na uwezo huombewa msamaha wa gharama, na anamwambia mgonjwa abebe barua ya mtendaji wa kijiji kabla hajaondoka, asije akarudishwa kilometa mia kadhaa kuifuata.

Na pale tiba inaposhindikana, anakwenda nyumbani kwa bodaboda kusema ukweli. Tumefuatana naye mara chache. Sisi tulikuwa na Neno na Meza ya Bwana, yeye alikuwa na chupa ya mofini na mkono wa kugeuza mgonjwa asioze mgongo. Familia za Kiislamu nazo zilitukaribisha, shehe akiwa ameketi mkekani, kila mmoja na dua yake. Hakuna aliyeona ajabu.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo yote iko ndani ya kauntabuku moja na kichwa cha mtu mmoja. Akihamishwa, au akiumwa malaria wiki mbili, wagonjwa wake wanarudi kuwa Waethiopia wenye chuo wasichokielewa. Serikali ingefaa iipe kazi hii nafasi, mshahara na simu. Hilo si juu yetu kuliamua, ila tunaweza kulisema kila tunapoalikwa kwenye vikao vya wilaya, nasi tunaalikwa mara nyingi tu, kwa kawaida kufungua kwa sala.

Lililo juu yetu ni dogo na limekaa karibu. Sharika zetu zina wazee wa kanisa walio na namba za simu za kila nyumba. Zina jumuiya zinazokutana kila wiki. Zina watoto wao waliohamia Mbagala na Temeke, ambao nyumba zao zina chumba cha mgeni au walau mkeka sebuleni kwa wiki sita za mionzi, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa kwenye daladala siku mbili za kwanza mpaka aizoee njia. Katika sharika tunazozihudumia tumependekeza kwamba sehemu ya sadaka ya diakonia itengwe kwa nauli za watu wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza, bila kuuliza mgonjwa anasali wapi. Pendekezo lilipofika barazani lilizua mabishano. Wapo waliosema fedha haitoshi hata bati la nyumba ya mwinjilisti. Mzee mmoja aliuliza kama Waislamu watatusaidia nao siku ya zamu yao, na mama mmoja akamjibu kwamba wameshaanza, kwa kuwa aliyemlaza mkwewe Mbagala kwa wiki tano mwaka jana alikuwa ni Mwislamu wa Nachingwea.

Hoja haijapitishwa. Imewekwa kwa kikao kijacho, baada ya mnada wa kwanza wa korosho, na sista ameombwa aje na kauntabuku yake ili wazee waone majina ya vijiji yenye alama nyekundu.